Mguu umenyooka, breki haifikiwi: kisa cha fupa la paja lililounga likiwa limezunguka

Alikuja na bahasha ya kaki yenye picha za eksirei na lalamiko moja tu: mguu wa kulia haufiki kwenye breki.

Kwa asiyeendesha pikipiki, gia hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, na breki ya nyuma kwa ncha ya mguu wa kulia. Kijana huyu wa miaka 26 alikuwa dereva wa bodaboda katika kijiwe kimoja cha Uyole, Mbeya. Miezi saba kabla ya siku hiyo aligongwa na lori kwenye barabara kuu akiwa amepakia gunia la viazi, fupa la paja la kulia likavunjika. Sasa alitembea bila magongo. Hakuwa na kidonda wala homa. Lakini kila alipojaribu kupanda pikipiki ya rafiki yake, unyayo ulielekea nje na vidole vikapita pembeni ya pedeli. Ili aikanyage ilibidi alibane goti kwenye tangi kwa nguvu, na hapo nyonga ilimchoma.

"Dokta," aliniambia (mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, ila kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta), "tambarare naendesha. Nikifika mteremko wa Mbalizi nitaua mtu."

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake na ya mama yake aliyemuuguza. Majina yao na ya hospitali nimeyaacha.

Kwanza nieleze tulichokuta kwenye bahasha. Mfupa ulikuwa umevunjika katikati, vipande vinne. Alikaa siku tisa kitandani mguu ukivutwa kwa mawe, akisubiri zamu ya thieta, kisha akawekewa chuma kirefu ndani ya mfupa, kikafungwa kwa skrubu juu na chini. Picha za mwezi wa tano baada ya ajali zilionyesha mfupa mpya umevizunguka vipande vyote. Ripoti ilisema fupa limeunga na limenyooka. Ripoti ilikuwa ya kweli. Daktari aliyemfanyia kazi ile alimwokoa asiwe kiwete, na sitaki msomaji asahau hilo katika yatakayofuata.

Tatizo ni kwamba eksirei ya kawaida ni kivuli. Chukua bua la muhindi, livunje katikati, liunganishe tena limenyooka, halafu zungusha nusu ya chini kidogo kabla hujalifunga kwa kamba. Litazame kwa mbele: limenyooka. Litazame kwa ubavu: limenyooka. Kuzunguka kwake hakuonekani kwenye kivuli. Paja linapovunjika misuli haikai kimya. Ile ya mbele ya nyonga hukivuta kipande cha juu kikainama mbele na kugeukia nje, ya makalio hukivuta pembeni, na kipande cha chini hufuata namna mguu ulivyolala. Mfupa ukivunjika mkato mmoja wenye meno, meno yanakutana na daktari anajua amefika. Ukivunjika vipande vinne hakuna meno ya kukutanisha. Anayetengeneza anakadiria kwa macho, chini ya shuka za thieta, mgonjwa akiwa amelazwa ubavu, mguu mmoja tu ukiwa wazi.

Chuma cha ndani ya mfupa cha namna hii kinatokana na kazi ya Gerhard Küntscher, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliyeanza kukitumia kwa fupa la paja mwaka 1939. Kabla ya hapo mtu alilala na mawe miezi, na bado huku kwetu wapo wanaolala nayo, au wanaokwenda kwa waunga mifupa wa vijijini kufungwa vijiti vya mianzi. Chuma kinazuia mfupa usipinde, na skrubu zinazuia usifupike na usizunguke. Tatizo liko hapo hapo: skrubu zikikazwa mguu ukiwa tayari umezunguka, zinaulinda mzunguko ule ule hadi mfupa uunge.

Nilimlaza kifudifudi, nikakunja magoti yote mawili yasimame wima, kisha nikayaachia maguu yaangukie nje, halafu ndani, moja moja, nikipima kwa kipimapembe. Ni kipimo cha dakika mbili. Mguu mzima wa kushoto: nyonga iligeuka ndani nyuzi 40, nje nyuzi 41. Mguu wa kulia: ndani nyuzi 8, nje nyuzi 72. Jumla inakaribiana, 81 na 80. Nyonga yenyewe ilikuwa nzima, haikuwa imekakamaa hata kidogo. Mwendo wote ulikuwa umehamia upande mmoja kwa zaidi ya nyuzi 30. Mtu akiniletea nambari za namna hiyo kwa simu usiku wa manane nitamjibu nikiwa bado nimelala: fupa limezunguka.

Madaktari wa mifupa wengi huchukulia tofauti ya nyuzi 15 kati ya mguu na mguu kuwa mpaka. Chini ya hapo nyonga hufidia na mtu huishi. Juu ya hapo goti huanza kulipa gharama, kwa sababu pia ya goti huvutwa upande. Kijana alikuwa mara mbili ya mpaka huo.

Kipimo changu cha kifudifudi kinatosha kushuku. Hakitoshi kumkatia mtu mfupa. Hapo ndipo kompyuta ilipoingia.

Daktari bingwa wa mifupa niliyempelekea aliagiza siti-skani (picha za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) ya sehemu mbili tu za kila mguu, nyonga na goti. Hakuna haja ya kulipiga paja zima mionzi. Katika kipande cha juu unachora mstari unaopita kwenye shingo ya fupa. Katika kipande cha chini unachora mstari unaogusa nyuma ya vifundo viwili vya gotini. Pembe kati ya mistari hiyo ndiyo mzunguko wa fupa lako. Kwa watu wazima shingo huelekea mbele kwa wastani wa nyuzi kati ya 10 na 15, lakini watu hutofautiana sana, kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni mguu wako mwingine. Kushoto kwake: mbele nyuzi 14. Kulia: nyuma nyuzi 17. Tofauti, nyuzi 31.

Naomba nitoke njiani kidogo. Sehemu ya hesabu za siti-skani, za kuijenga picha ya vipande kutoka kwenye mionzi, ilifikiriwa Afrika. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akisaidia kitengo cha mionzi cha hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956, akaanza kujiuliza jinsi ya kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupima mionzi kutoka pande nyingi. Godfrey Hounsfield, mhandisi, alitengeneza mashine yenyewe Uingereza, mgonjwa wa kwanza akapimwa London mwaka 1971, na mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Nilimsimulia kijana habari hiyo tukiwa kwenye benchi tukisubiri majibu. Sijui kama ilimsaidia, lakini mimi hunipa moyo.

Turudi. Chuma cha pua kilichokuwa ndani ya mfupa kilitoa michirizi myeupe kwenye picha, hasa karibu na skrubu za chini, kwa hiyo daktari alipima mara tatu siku tofauti, na akamwomba mtaalamu wa mionzi apime pia bila kuambiwa jibu la kwanza. Walikutana kati ya 30 na 32. Baadaye akaziingiza faili zile kwenye kompyuta mpakato yake, ndani ya 3D Slicer, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Akaitoa mifupa miwili, kushoto na kulia, akaugeuza ule wa kushoto kama kwenye kioo uwe wa kulia, akaulaza juu ya ule uliounga vibaya. Kwa kuwa katikati ya paja hakukuwa na picha, ilikuwa kama kutazama vichwa viwili vya mti uliofunikwa katikati: juu vililingana kabisa, chini goti moja lilikuwa limegeuka ndani ya kivuli cha jingine.

Mama yake alikuwepo. Alikuwa amesikia "nyuzi 31" mara nyingi na kuitikia kwa heshima tu. Alipoona goti lile kwenye kioo cha kompyuta alisogea, akagusa skrini kwa kidole, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu alikuwa anasema kweli?" Wengine nyumbani walikuwa wamemwambia anaogopa tu kurudi barabarani. Mwenye pikipiki, aliyempa kwa mkataba, alikuwa ameshaichukua na kumpa kijana mwingine.

Ziko hospitali duniani ambako kompyuta inaingia hadi ndani ya thieta. Daktari hufunga kwenye mfupa vipini vyenye vitufe vinavyoakisi mwanga wa infraredi, kamera inavisoma, na skrini inaonyesha papo hapo kila kipande cha mfupa kiko wapi na kimezunguka nyuzi ngapi. Anapotoboa tundu la skrubu, keekee yenyewe inaonekana kwenye skrini kabla haijagusa mfupa. Moja ya roboti za kwanza za mifupa kutumika kwa mgonjwa, Robodoc, ilifanya kazi Sacramento, Marekani, mwaka 1992, kwa nyonga za bandia. Vifaa hivi hupunguza mionzi kwa wanaofanya kazi thieta na huongeza usahihi. Pia vina bei kubwa, huongeza muda wa kazi, na vikiharibika fundi wake hayuko Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mjomba mmoja wa familia alianza kuulizia safari ya India. Wengine walisema Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi na mguu ule.

Msimamo wa daktari, ambao nauunga mkono kwa moyo wote, ulikuwa huu: katika kisa hiki kinachohitajika kutoka kwa kompyuta ni nambari, nayo tunayo. Kilichobaki ni kuifikisha nambari hiyo thieta, mfupa ukatwe na kuzungushwa kwa kiasi hicho, bila kuipoteza njiani.

Na njiani ndiko ilikokaribia kupotea.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuchapa kwa printa ya 3D kifaa cha plastiki cha kuongoza pini mbili zitakazoingizwa kwenye mfupa, chenye matundu mawili yaliyoachana nyuzi 31. Kijana mmoja wa mjini anayo printa, akakichapa vizuri. Msimamizi wa thieta, ambaye ni nesi, alikishika, akauliza swali moja: kimetengenezwa kwa kitu gani? Plastiki ile, ya aina ya PLA, huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Mashine yetu ya mvuke inaua vijidudu kwenye 121 na kuendelea. Kingetoka humo kimepinda, na pengine kimepinda kidogo tu, kiasi cha mtu kutogundua. Nesi yule aliokoa upasuaji kwa swali moja.

Daktari akachapa pembe ile kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, akampelekea fundi wa kuchomelea, akamkatia pembetatu ya chuma cha pua, nene kama kidole. Isingegusa mfupa wala nyama. Kazi yake ni kulinganisha pini mbili. Ikapita kwenye mvuke mara mbili na kupimwa tena. Bado 31.

Hatari ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Pembetatu haijui ndani wala nje. Ukiigeuza inapima nyuzi 31 vile vile, kuelekea upande mwingine. Kwenye kompyuta tayari tulikuwa na mfupa wa kushoto uliogeuzwa kuwa wa kulia, na katika moja ya picha zilizohifadhiwa lebo ya zamani, "kushoto", ilikuwa bado imeshikilia. Mtu mchovu akiichukua picha hiyo asubuhi ya upasuaji, akazungusha kinyume, kijana angetoka na kosa la nyuzi 62. Tuliigundua jioni ya kuamkia siku yenyewe, tukiwa watatu ofisini, kwa sababu daktari aliomba kila mmoja wetu aonyeshe kwa mguu wake mwenyewe upande wa kuzungusha, na mmoja akaonyesha nje. Ukimya uliofuata siusahau. Faili zile zilifutwa. Mshale ulichorwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya goti la mgonjwa mwenyewe, akiwa macho, naye akaambiwa maana yake: mguu wako utazungushwa huku, ndani. Akaurudia kwa sauti.

Alipewa ganzi ya mgongo, akalazwa chali, miguu yote miwili ikasafishwa na kuachwa wazi ili ule mzima uonekane muda wote. Chuma cha zamani kilitolewa. Pini moja ikaingia juu ya mahali pa kukatia, nyingine chini karibu na goti, zote pembeni ya njia kitakayopita chuma kipya, zikiachana kwa pembe ya pembetatu. Mfupa ukizungushwa hadi pini zilale sambamba, umesahihishwa. Ndiyo siri yote.

Niliombwa niingie kusoma kipimo cha simu. Simu yenye programu ya kupima mwinamo ilifungwa ndani ya mfuko safi wa thieta na kushikizwa kwenye kila pini kwa zamu, kazi yangu ikawa kutaja nambari kwa sauti. Tofauti ya pini ilisomeka 33. Pembetatu ilitazamwa kwa jicho kutoka mwisho wa meza, na jicho likisogea kidogo hupotea nyuzi mbili tatu. Daktari hakuing'oa pini kuirudia, maana tundu la pili hulegea. Alisema, "Basi tukimaliza zibaki zimeachana mbili." Nesi akaandika ukutani: 2.

Mfupa haukukatwa kwa msumeno. Alitoboa mstari wa matundu madogo kuzunguka mfupa, kisha akamalizia kwa patasi, kwa sababu msumeno unaounguza mfupa huchelewesha kuunga. Kijana baadaye alituambia alisikia fundi seremala akigonga mlango, akajua mlango ndiye yeye. Ulipoachia, wakauzungusha taratibu kufuata mshale. Nikasoma: 20, 11, 6, 2. Chuma kipya, kinene kidogo kuliko cha kwanza, kikaingia, skrubu za juu na za chini zikafungwa, nikasoma tena. Mbili.

Kabla ya kushona walikunja nyonga na goti la kila mguu na kulinganisha mzunguko wa ndani na wa nje. Hapa nina neno nililolibeba moyoni tangu siku ile. Kipimo hicho, cha mguu kwa mguu, mgonjwa akiwa bado kwenye ganzi, hakihitaji kompyuta wala umeme. Kikifanyika siku ya upasuaji wa kwanza na mguu ukaonekana umezunguka, skrubu za upande mmoja hufunguliwa, mguu hurekebishwa, zinafungwa tena. Hata ndani ya wiki ya kwanza wodini bado kazi ni ndogo. Miezi saba baadaye ni patasi. Na anayeweza kuligundua wodini si lazima awe bingwa. Hata mimi naweza, hata nesi anayemgeuza mgonjwa kitandani anaweza, ilimradi aambiwe kwamba unyayo ulioangukia nje kuliko mwenzake ni jambo la kuripotiwa. Ninaumia nikifikiri ni wangapi wanaokaa vijijini Rungwe au Makete wakiamini mguu wao umepona hivyo.

Siti-skani ya baada ilionyesha shingo ya fupa mbele nyuzi 12. Mguu mzima ni 14.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida: magongo, kukanyaga kidogo kidogo, kunyanyua mguu ukiwa umenyooka mara mia kwa siku, mama akihesabu. Wiki ya 12 mfupa mpya ulionekana kwenye eksirei pande tatu. Misuli ya nyonga ndiyo ilinipa kazi, kwa kuwa kwa miezi ilikuwa imejifunza kuuvuta mguu ndani kufidia, na sasa ilikuwa ikivuta kupita kiasi. Kwa wiki kadhaa alitembea vidole vikitazama ndani, akaogopa kwamba tumezidisha. Tulimpima kifudifudi kila wiki mbele ya mama yake ili aone nambari mwenyewe. Ndani 37, nje 43. Mguu ulikuwa sawa. Ni mazoea yaliyokuwa yamebaki nyuma.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji alileta pikipiki ya kuazima kwenye uwanja wa nyuma ya kitengo chetu. Akapanda injini ikiwa imezimwa, akaweka unyayo, vidole vikatua juu ya pedeli bila goti kugusa tangi. Akakanyaga na kuachia, akakanyaga tena, labda mara ishirini, bila kusema kitu.

Paja lake la kulia bado ni jembamba kuliko la kushoto kwa sentimita mbili, na asubuhi za Juni baridi ya Uyole inampa mchechemeo hadi jua likolee. Amepata pikipiki kwa mkataba mpya. Anabeba abiria wa Uyole hadi Mafiati, magunia bado nimemkataza, na mteremko wa Mbalizi hajaushuka.